Mnara wa Mtumba wa Antena: Jinsi ya Kuufufua na Kuusimamisha Nyumbani

Tangu faiba ianze kuingia mitaani, watoa huduma wa intaneti wameng'oa minara mingi midogo ya pembetatu iliyokuwa ikibeba vyombo vyao vya mawimbi. Vipande vyake vimelala nyuma ya karakana za jua kali, na mara nyingi vinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kwa mtu wa redio ya ridhaa, anayeongea na wenzake duniani kwa mawimbi kama burudani, hii ni neema, maana mnara mpya wa aina hiyo hauko karibu na mfuko wa wengi wetu.

Rai yangu ni hii, na mwongozo wote unaisimamia: chuma chenyewe kiwe cha zamani, ila kila kinachokishika kiwe kipya. Bolti, nyaya, nanga, zege, vyote vipya. Januari 2022 minara ya umeme wa msongo mkubwa kwenye njia ya Kiambere–Embakasi ilianguka Nairobi na Kenya ikaingia gizani. Ilielezwa kwamba waharibifu walikuwa wameiba vyuma vinavyoishikilia. Mnara huanguka kwa kinachoushika.

Nitachukua mfano mmoja tuende nao hadi mwisho: mnara wa stei, yaani unaoshikiliwa na nyaya zinazovutwa hadi nanga za ardhini, wenye vipande vinne vya mita 3, jumla mita 12, pande zake zikiwa na upana wa sentimita 30 hivi. Wako ukiwa mkubwa zaidi, au wa kujisimamia bila stei, hesabu hizi hazikutoshi. Mtafute mhandisi wa ujenzi.

Ploti ndiyo inayoamua urefu

Kabla ya kwenda sokoni, toa futi kamba upime uwanja. Mnara wa stei una nanga tatu, zimetengana kwa nyuzi 120, na umbali mzuri wa kila nanga kutoka kitako cha mnara ni asilimia 80 ya urefu. Mnara wa mita 18 unataka nanga ziwe mita 14.4 kutoka katikati, na pembetatu yake inakula eneo la mita 21.6 kwa karibu mita 25. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni ya kawaida mijini Kenya, ina upana wa mita 15.2 tu. Haiingii.

Mnara wa mita 12 unaweka nanga kwenye mita 9.6, na pembetatu inakuwa mita 14.4 kwa 16.6. Inaingia kwa kubanana, na nyumba nayo inataka nafasi yake. Ukisogeza nanga karibu zaidi ili upate nafasi, mvuto kwenye nyaya unapanda, na uzito unaoshuka kwenye miguu ya mnara unapanda pia. Usifanye hivyo kwa kukisia.

Je, mita 12 zinatosha? Kwa masafa ya megahezi 14, nusu ya urefu wa wimbi ni kama mita 10.5, na antena iliyoinuliwa kiasi hicho tayari inatupa mawimbi kwa pembe ya chini inayofika mbali. Anayekwambia bila mita 20 huwezi kuongea na dunia anakupotezea pesa.

Sasa inua macho utafute nyaya za umeme. Chukua urefu wa mnara, ongeza bomba linalobeba antena na nusu ya antena yenyewe, kisha ongeza mita 3. Hakuna waya wa umeme unaoruhusiwa kuwa ndani ya umbali huo kutoka kitako cha mnara, hata ule mdogo unaoingia nyumbani kwako. Ukiwepo, punguza mnara uwe mita 9, au mwombe mwenye umeme auhamishe. Hapa hakuna cha kujadili. Warushaji wa ridhaa wamekufa katika nchi nyingi kwa mnara kugusa waya wakati unapandishwa.

Kuhusu karatasi nitasema kidogo. Leseni ya redio hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, TCRA Tanzania, na UCC Uganda. Herufi zako za wito, yaani jina lako hewani, zitaanza na 5Z, 5H au 5X kulingana na nchi. Leseni hiyo haikupi ruhusa ya kujenga. Ya ujenzi iulize kaunti au halmashauri yako, na mamlaka ya usafiri wa anga pia, hasa ukikaa karibu na uwanja wa ndege. Majirani waambie mapema. Ukinyamaza, siku televisheni yao itakapokwama utalaumiwa wewe, hata kama redio yako imezimwa.

Kukagua kabla ya kulipa

Nenda mchana. Beba nyundo ndogo, bisibisi yenye ncha, tochi, uzi wa fundi, mafuta ya taa kidogo na chaki. Muuzaji atakuonyesha kipande kizuri kuliko vyote. Wewe omba kile kilichokuwa chini kabisa.

Sababu yake ni maji. Miguu ya minara hii kwa kawaida ni mabomba. Maji ya mvua huingia kwenye maungio, hushuka ndani ya bomba na kutafuta tundu la kutokea chini. Tundu likiziba kwa tope, au aliyeusimamisha akizika miguu ndani ya zege, maji hubaki humo mwaka mzima na bomba huliwa kwa ndani huku nje likimeremeta. Katika nchi za baridi maji hayo huganda na kulipasua bomba. Kwetu huliozesha polepole, na huko Mombasa au Tanga chumvi ya bahari huharakisha kazi.

Kwa hiyo gonga. Anza nusu mita ya chini ya kila mguu, ukipanda sentimita chache kila mara. Bomba zima hulia kwa sauti kali. Lililoliwa hutoa sauti butu. Panapotia shaka, sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu. Ikizama au chuma kikibanduka magamba, kipande hicho ni chakavu kweli. Mulika tochi ndani kutoka upande mmoja uangalie upande wa pili. Muuzaji akikwambia kuna fundi atakuwekea kiraka cha kuchomelea, mshukuru na usonge mbele, kwa sababu kiraka kinashika chuma kilekile kilichooza pembeni yake.

Rangi ya kutu nayo ina habari. Unga mweupe juu ya chuma ni zinki inayofanya kazi yake, haina shida. Madoa mekundu mepesi hapa na pale yanasafishika. Wekundu uliochimba vishimo, hasa pale chuma cha mshazari kinapoungana na mguu, ni jambo jingine.

Maungio hayo ya kuchomelea yakague moja moja. Ufa mwembamba kama unywele hujificha chini ya vumbi. Paka mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa pakauke, kisha sugulia chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyobaki ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Kipande chenye ufa kwenye mguu kikatae. Chenye ufa kwenye chuma kimoja cha mshazari kinaweza kutengenezwa na fundi mzuri, ila mimi nisingekiweka chini ya mnara.

Kisha vuta uzi kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila mguu. Pengo la zaidi ya milimita 5 au 6 kwenye kipande cha mita 3 linamaanisha kimepindwa, labda kilidondoshwa wakati wa kung'olewa. Kunyoosha bomba lililopinda hulidhoofisha, kwa hiyo hilo usilikubali hata kwa bei ya kutupa. Mwisho angalia matundu ya bolti. Yakiwa yamerefuka kama yai badala ya kuwa mviringo, mnara huo ulikuwa ukicheza kwa muda mrefu bila kukazwa.

Ukiridhika, vipange chini vyote vinne na uviunganishe hapo hapo sokoni. Vinavyokubaliana vitie alama kwa rangi, 1 na 1, 2 na 2, ili siku ya kupandisha kila kipande kikutane na mwenzake aliyezoeana naye.

Na risiti. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na baada ya giza lile la Januari 2022 serikali iliisimamisha kabisa biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Lori lenye vipande vya mnara huvutia macho ya polisi. Dai karatasi inayoonyesha mnara ulitoka kwa nani, uwe nayo njiani.

Kusafisha na kurudisha zinki

Minara mingi imepakwa mistari ya rangi nyekundu na nyeupe kwa ajili ya ndege. Kama ni ya zamani, chukulia kwamba rangi hiyo ina risasi. Usiipige msasa mkavu wala grinda. Ilowanishe, ikwangue ikiwa na maji, tandika turubai chini ukusanye magamba yote. Watoto na kuku wakae mbali na eneo hilo.

Osha kwa maji ya sabuni, halafu brashi ya waya kwenye madoa mekundu tu. Zinki iliyo salama iache ilivyo. Kuing'arisha ni kuipunguza. Kisha una njia mbili.

Ya kwanza ni kupeleka vipande kiwandani vikachovywe upya kwenye zinki iliyoyeyushwa, ambayo joto lake ni kama nyuzi 450. Ndiyo njia bora ikiwa kutu imeenea, na ndiyo ghali. Hakikisha kila bomba lina matundu wazi pande zote mbili, kwa sababu hewa au maji yaliyofungiwa ndani ya bomba yanaweza kulipuka kwenye birika hilo. Kiwanda makini kitakuuliza hilo kabla hujasema.

Ya pili ni rangi yenye zinki nyingi, ile inayoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya kuzuia kutu kwa zinki baridi. Rangi ya fedha ya kawaida inafanana nayo kwa macho tu. Chuma kiwe kikavu na kikavu kweli, paka mikono miwili, na usisahau ndani ya ncha za maungio.

Kama kuna kuchomelea, fundi aondoe zinki kwanza pale mahali na afanyie kazi nje penye hewa. Mvuke wa zinki huleta homa na kutetemeka usiku. Mafundi wetu wengi hunywa maziwa kabla ya kazi wakiamini yatawakinga. Maziwa ni mazuri kwa afya, lakini hayazuii mvuke kuingia mapafuni. Barakoa ya mvuke wa metali ndiyo inayozuia.

Zibua matundu ya chini ya kila mguu kwa waya hadi maji uliyomimina juu yatoke bila kusita. Hii ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayoamua mnara utaishi miaka mingapi.

Bolti za zamani zitupe hata kama zinang'aa. Nunua zilizochovywa zinki zenye namba 8.8 kichwani, za unene unaojaza tundu sawasawa, na nati za kujifunga. Bolti laini za dukani zisizo na namba hazifai hapa.

Shimo, zege na nanga

Hapa ndipo pesa yako inapaswa kwenda, na ndipo wengi wanapobana.

Upepo ndio mzigo wenyewe. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma kila mita ya mraba inayoukabili kwa nguvu ya karibu kilo 25. Ukiongezeka mara mbili na kufika kilomita 144, nguvu hiyo inapanda mara nne, kilo 100. Mzigo huo wote unaishia sehemu nne: kitako kinachosukumwa kwenda chini, na nanga tatu zinazovutwa kutoka ardhini.

Kwa udongo imara, kitako chetu kiwe shimo la sentimita 75 kwa 75, kina mita 1. Kila nanga iwe bonge la zege lenye urefu wa mita 1.2, upana sentimita 60 na unene sentimita 50, limezikwa likikingama na mwelekeo wa waya, udongo ulioshindiliwa ukiwa juu yake. Jumla ni kama mita za ujazo 1.64. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, utatumia mifuko 11 hivi ya kilo 50. Nunua 12.

Ukiwa kwenye udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, simama hapo. Udongo huo huvimba na kunywea, na utainua nanga zako kidogo kidogo kila msimu. Chimba hadi uukute udongo mwingine chini yake, na vipimo vya zege mwachie mhandisi.

Miguu ya mnara isiingie kwenye zege. Tengenezesha bamba la chuma lenye vishikio vitatu vya miguu, lenye matundu ya kutolea maji, na lishikwe na bolti nne zilizozikwa kwenye zege. Bamba likae juu ya nati, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye uso wa zege. Nati hizo zinakusaidia kusawazisha kwa pima maji, na nafasi iliyo chini inaruhusu maji kwenda zake. Uso wa zege upande juu ya ardhi kwa sentimita 10 na uwe na mteremko kidogo kuelekea nje.

Kwa nanga, tumia chuma cha mviringo cha milimita 20 kilichochovywa zinki, ncha ya chini imekunjwa na kufungwa kwenye nondo za ndani ya bonge, ncha ya juu ina jicho la kushikia shakeli. Kilale kwa pembe ileile ya waya utakaokivuta. Vyuma vya nanga hufa sentimita chache chini ya uso wa ardhi, pale ambapo unyevu na hewa hukutana, na juu huonekana vizima. Ndiyo maana nanga za mtumba hazifai kabisa, na ndiyo maana ninapenda kumwaga kola ya zege kuzunguka chuma kuanzia bonge hadi juu ya ardhi.

Nondo za milimita 12 zifungwe kama kizimba, zikiwa ndani ya zege kwa sentimita 7 kutoka ukingo wowote. Mwagilia zege maji kwa siku 7, lifunike kwa magunia mabichi. Nguvu yake kamili hukadiriwa baada ya siku 28. Huo ndio muda wa kupaka rangi na kuandaa nyaya, usiukatize.

Stei

Tutafunga ngazi mbili, moja mita 6 na nyingine mita 11. Kutoka mita 11 hadi nanga iliyo mita 9.6 mbali, waya una urefu wa mita 14.6. Kutoka mita 6 ni mita 11.3. Mara tatu kila moja ni karibu mita 78, na ukiongeza sehemu za kukunja kwenye ncha, rola ya mita 100 inatosha.

Nunua waya mgumu wa nyuzi saba za chuma cha zinki, ule wa jamii ya stei za nguzo za umeme. Kamba ya waya laini yenye kiini cha katani hurefuka, na ile iliyovikwa plastiki inaficha kutu. Waya mgumu wa daraja la juu wenye unene wa milimita 4.8 hukatika kwenye takriban kilo 1,800, na huo unatosha kabisa kwa mnara huu.

Kila ncha ipite kwenye pete ya chuma yenye mfereji ili isikunjike kwa pembe kali, kisha ifungwe kwa klipu tatu. Klipu ina pande mbili, tandiko na bolti ya umbo la U. Tandiko linakaa kwenye waya unaobeba mzigo, U inakaa kwenye ncha fupi iliyorudi. Ukizigeuza, U itaupondaponda waya unaoubeba mnara wako. Kaza, vuta waya, kisha kaza tena, kwa sababu waya ukinyooka hupungua unene na klipu hulegea.

Chini, kila waya unashikwa na kikazio, kile chenye skrubu mbili zinazovutana ukikizungusha katikati. Kiache wazi karibu nusu ili uwe na nafasi ya kukaza na kulegeza baadaye. Baada ya kumaliza, pitisha waya mwembamba ndani ya vikazio vyote vya nanga moja kwa umbo la namba 8. Unavizuia visijifungue kwa mtikisiko, na unampa kazi ya ziada mwizi wa vyuma.

Kama utaweka antena ya Yagi, ile ya vijiti inayoelekeza mawimbi upande mmoja, katiza stei za juu kwa vihami vya kauri ili kusibaki kipande kinachokaribia mita 5, 7 au 10, urefu unaoitikia masafa yetu na kuvuruga antena. Katika kihami cha umbo la yai nyaya mbili hupishana kama viungo vya mnyororo, hivyo hata kauri ikivunjika waya hauachii.

Siku ya kupandisha

Chagua asubuhi tulivu. Pwani, miezi ya kusi upepo huamka mapema, kwa hiyo anzeni alfajiri. Unahitaji watu sita: mpandaji, watatu wa kushika stei, mmoja wa kamba, na mmoja ambaye kazi yake ni kutazama na kutoa amri. Maneno yawe manne tu, vuta, simama, legeza, shusha, na yatoke kinywani mwa huyo mmoja. Isipokuwa "simama", hilo yeyote anaweza kulisema. Asiyekuwa na kazi asikae ndani ya duara la mnara.

Mpandaji avae hanesi ya mwili mzima, si mkanda wa kiunoni, yenye kamba mbili za kujishikia, ili akihamisha moja nyingine iwe bado imeshika. Helmeti ni ya wote, hasa walio chini. Kabla ya kupanda, angalia nyuki na mavu. Mabomba ya mnara uliolala miezi kadhaa ni nyumba nzuri kwao, na mita 9 juu si mahali pa kukutana nao.

Vipande viwili vya kwanza viunganisheni chini. Kipande kimoja kina uzito wa karibu kilo 18, kwa hiyo mita 6 zinainuliwa kwa mikono bila winchi. Fungeni stei za ngazi ya kwanza kabla ya kuinua. Inueni, ingizeni miguu kwenye bamba, kazeni bolti, kisha wale watatu wavute stei hadi mnara usimame wenyewe. Pima kwa timazi. Usipande kabla ya stei zote tatu kufungwa kwenye nanga.

Kwa vipande vinavyofuata mnahitaji bomba la kupandishia: bomba imara la mita 4 lenye kapi juu na vibano vya kulishikiza kwenye mguu wa mnara. Kamba inatoka kwa mtu wa chini, inapanda, inapita kwenye kapi na kushuka hadi kwenye kipande. Funga kipande juu kidogo ya katikati yake ili kining'inie wima. Mpandaji hainui kitu. Kazi yake ni kuelekeza miguu kwenye maungio na kutia bolti.

Kipande cha tatu kikikaa, mko mita 9 na stei ziko mita 6. Kabla ya kuleta cha nne, funga stei za muda za kamba imara pale mita 9. Watu huiruka hatua hii kwa haraka ya kumaliza, na ndipo mnara unapoyumba na mtu yuko juu. Cha nne kikishapanda na stei za mita 11 kushika, ndipo za muda zitolewe.

Sasa mkazo. Stei hukazwa awali kwa asilimia 10 ya nguvu ya kukatika, yaani kilo 180 kwa waya wetu. Kupima, azima mizani ya kuning'iniza ya kilo 300 au 500, ile ya kidijitali ya wanunuzi wa mazao. Iweke kati ya nanga na mashine ya mkono ya kuvutia waya, ile ya mafundi wa umeme, vuta hadi isome 180, kisha zungusha kikazio mpaka kichukue mzigo wote. Anza na ngazi ya chini, zunguka nanga zote tatu kidogo kidogo, halafu ya juu. Baada ya kila mzunguko simama mbali, ning'iniza timazi mbele ya jicho lako, linganisha uzi na mnara. Fanya hivyo kutoka pande mbili zenye pembe mraba.

Athi na radi

Ukanda wa Ziwa Viktoria na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, kwa hiyo sehemu hii isiachwe kwa siku nyingine.

Piga fimbo ya athi, ile ya kupeleka umeme ardhini, ya mita 2.4 kwa kila mguu wa mnara, ukizitenganisha, na moja kwa kila nanga. Shaba ikigusana na zinki penye unyevu huila zinki, hivyo weka bamba la chuma cha pua katikati. Kisha unganisha athi ya mnara na athi ya umeme wa nyumba kwa waya mnene. Mafundi wengine watakuambia uzitenganishe. Zikitengana, radi ikipiga kutakuwa na tofauti kubwa ya volti kati ya hizo mbili, na njia fupi ya kuisawazisha itapita ndani ya redio yako.

Mazoea ya kujaza mkaa na chumvi kwenye shimo la athi yanasaidia kwa muda, lakini chumvi hula fimbo na mvua huisomba. Udongo wa bentonaiti hudumu zaidi.

Ala ya nje ya kebo ya koaksi, ile inayounganisha redio na antena, iunganishwe na athi chini ya mnara, na tena pale inapoingia nyumbani. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa kebo uiache nje ya nyumba.

Antena ya kwanza

Anza na dipole ya waya, yaani waya wa nusu mbili sawa unaolishwa katikati, iliyoning'inizwa kileleni kama V iliyopinduliwa. Gawanya 143 kwa masafa kwa megahezi upate urefu wote kwa mita: kwa 14.2 ni kama mita 10.1, kwa 7.1 ni mita 20.1. Kata ndefu kidogo, pima kwa kifaa, punguza. Konekta za nje zifunge kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kebo iachiwe tumbo dogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke nje.

Ukifika wakati wa Yagi, tazama ramani kabla ya kununua mota ya kuzungushia. Kutoka Nairobi, London iko digrii 335, New York 312 na Tokyo 54. Karibu wote unaotaka kuongea nao wako nusu ya kaskazini ya duara. Unaweza kufunga Yagi ndogo ikitazama kaskazini magharibi na kuigeuza kwa kamba mbili kutoka chini, na mota ukainunua baadaye sana.

Mwezi wa kwanza na kuendelea

Nyaya mpya hunyooka na zege hutulia. Baada ya mwezi rudi na mizani, timazi na spana, ukakaze klipu na kurekebisha stei. Baadaye fanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Gonga miguu ya kipande cha chini, zibua matundu ya maji, fukua sentimita 20 kuzunguka chuma cha kila nanga uone kama kutu imeanza, na utafute skrubu iliyoguswa na mtu asiye wewe. Kipande cha chini kikianza kutoa sauti butu, usipande tena. Ushushwe kwa winchi kutoka nje, na kipande hicho kibadilishwe.